Likizo za Pwani na Utoto katika Vijiji vya Wales

Mtu akitazama ramani ya Visiwa vya Uingereza, ataona upande wa magharibi nchi ndogo iliyozungukwa na bahari pande tatu. Nchi hiyo ni Wales. Upande wa mashariki tu ndio uliopakana na nchi ya Waingereza; kaskazini, magharibi na kusini ni maji matupu. Mwaka 2012 ilifunguliwa njia ya miguu inayofuata pwani yake toka mpaka hadi mpaka, na urefu wake ni maili 870. Katika maili hizo msafiri hupita majabali marefu, ghuba za mchanga, midomo ya mito, ngome za kale, na vijiji vingi vidogo ambavyo nyumba zake zimesongamana kama kondoo wakati wa mvua.

Watu wa Wales, wapatao milioni tatu, si Waingereza, ijapokuwa wageni wengi huwachanganya. Wanayo lugha yao wenyewe, Kiwelisi, ambayo ilisemwa kisiwani humo kabla ya Kiingereza kufika, wala haifanani nacho hata kidogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watu wapatao 538,000, yaani chini kidogo ya watu 18 katika kila 100, waliweza kuisema. Katika lugha hiyo liko neno moja, hiraeth, ambalo wenyewe husema kuwa ni vigumu kulifasiri. Ni ile hamu yenye uchungu anayoipata mtu akumbukapo kwao, au akumbukapo zamani ambazo hazitarudi tena. Neno hilo husikika mara nyingi watu wazima wa Wales wanapozungumza habari za pwani na siku za utoto wao, kwa maana wengi wao, hata wale waliozaliwa bara penye migodi, waliziacha furaha zao kubwa katika mchanga wa pwani.

DESTURI ILIVYOANZA

Hapo kale mtu wa pwani ya Wales hakwenda ufukweni kustarehe. Bahari ilikuwa shamba lake. Katika mji wa Nefyn, kaskazini magharibi, watu waliishi kwa samaki waitwao heringi, na mpaka leo alama ya mji huo ni heringi watatu. Kutoka Porthmadog merikebu zilichukua mawe ya kuezekea nyumba zikayapeleka Ujerumani na nchi nyingine za mbali. Katika vijiji kama New Quay na Borth wanaume wengi walikuwa mabaharia na manahodha, na mtoto wa huko alijua majina ya bandari za Amerika ya Kusini kabla hajaona mji mkuu wa nchi yake.

Katika karne ya 18 waganga wa Uingereza walianza kuwaambia matajiri kwamba maji ya bahari ni dawa. Wagonjwa waliagizwa kuoga baharini, na wengine waliagizwa hata kuyanywa. Basi wakubwa wakaanza kwenda pwani na watumishi wao. Kwa kuwa ilikuwa aibu kuonekana katika nguo za kuogea, walipanda vibanda vya mbao vyenye magurudumu, farasi akavikokota mpaka majini, ndipo muogaji akashuka ngazi na kuingia baharini pasipo kutazamwa.

Lakini jambo lililoufungua mlango kwa watu wa kawaida lilikuwa gari la moshi. Reli ilifika Tenby mwaka 1863, ikafika Aberystwyth mwaka 1864, na mwaka 1867 daraja refu la miti lilikamilika kuvuka mdomo wa mto Mawddach hadi Barmouth. Huko Llandudno, kaskazini, ghuba iliyokuwa na wavuvi na wachimbaji wa shaba wachache iligeuzwa kuwa mji wa wageni wenye hoteli zilizopangwa kama mwezi mchanga. Mwaka 1877 ilifunguliwa gati ndefu ya kutembelea juu ya maji, na mwaka 1902 likaanza gari la kupandisha watu mlimani kwa kamba ya chuma. Katika mji huo ukoo wa Codman ulianza mwaka 1860 kuonyesha watoto mchezo wa vibonzo vya mbao, Punch na mkewe Judy, na kazi hiyo imerithiwa kwa vizazi kadhaa.

Karibu na Swansea, upande wa kusini, ilikuwapo reli ya ajabu zaidi. Mwaka 1807 mabehewa yaliyokokotwa na farasi yalianza kuchukua abiria waliolipa nauli kufuata ufuko mpaka Oystermouth, na kwa hiyo reli ile ya Mumbles yahesabiwa kuwa ya kwanza ulimwenguni kuchukua abiria kwa malipo. Baada ya farasi ikatumia moshi, na tangu mwaka 1929 ikatumia umeme. Ilifungwa Januari 1960. Watu waliopanda mabehewa yale utotoni waliendelea kuyasimulia katika uzee wao.

MAJUMA MAWILI YA WACHIMBAJI

Ili kuifahamu thamani ya pwani kwa watoto wa Wales, yafaa kwanza kufahamu kazi ya baba zao. Kusini mwa nchi yako mabonde marefu na membamba yaliyojaa makaa ya mawe. Mwaka 1920 wachimbaji wa mabonde hayo walizidi 250,000. Wengi walishuka shimoni alfajiri na kutoka jioni, hata wakati wa baridi wakawa hawalioni jua ila Jumapili. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 14 Oktoba 1913, katika mgodi wa Senghenydd, hewa mbaya ilishika moto chini ya ardhi na watu 439 wakafa kwa siku moja, ukiacha mmoja aliyekufa katika kazi ya kuwaokoa. Na waliosalimika na moto mara nyingi hawakusalimika na vumbi, lililowakaa mapafuni na kuwafupishia maisha.

Kwa watu wa namna hii upepo wa bahari haukuwa anasa. Hapo mwanzo walipata siku moja moja tu. Sheria ya mwaka 1871 iliwapa watu sikukuu ya mabenki katika Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na siku hiyo magari ya moshi yalishuka mabondeni yamejaa pomoni. Reli ilipofika Barry Island mwaka 1896, maelfu waliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Jambo la kustaajabisha ni kwamba bandari ya Barry, iliyofunguliwa mwaka 1889, ilikuwa ikipakia makaa yale yale waliyoyachimba wao. Mwaka 1913 hakuna bandari nyingine duniani iliyosafirisha makaa mengi kuliko Barry. Mchimbaji aliketi mchangani na wanawe upande mmoja, na upande wa pili wa kilima meli zilikuwa zikijazwa jasho lake.

Mwaka 1938 Bunge lilipitisha sheria ya likizo yenye mshahara. Baada ya Vita Kuu ya pili, migodi ya kusini ikawa na desturi ya kufungwa pamoja kwa majuma mawili, juma la mwisho la Julai na la kwanza la Agosti. Wakati huo mitaa ya mabondeni ilibaki tupu. Bonde zima lilihamia Porthcawl, Barry au Tenby, na majirani waliokaa nyumba ya tatu na ya nne kule nyumbani walijikuta wanakaa hema la tatu na la nne kule pwani. Walichukua sahani, mablanketi, na waimbaji wao. Jioni waliimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne, kwa kuwa watu wa Wales hawakusanyiki mahali bila kuimba.

Watoto walijenga ngome za mchanga kwa ndoo na koleo za mabati, wakapanda punda kwa peni chache, wakala aiskrimu. Aiskrimu hiyo aghalabu iliuzwa na Waitaliano. Jamaa nyingi kutoka mji mdogo wa Bardi, kaskazini mwa Italia, zilihamia Wales na kufungua mikahawa mabondeni na pwani. Watoto waliwapenda, lakini Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, wanaume wengi wa jamaa hizo walikamatwa kama maadui. Tarehe 2 Julai mwaka huo meli ya Arandora Star, iliyokuwa ikiwapeleka wafungwa Kanada, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani, wakafa Waitaliano zaidi ya 400, na baadhi yao walikuwa wauza aiskrimu wa Wales. Katika fuko nyingi wakati huo mlikuwa na nyaya za miiba badala ya watoto.

NYUMBA ILIYOGAWANYWA MARA MBILI

Hayo ni mambo ya mgeni. Mtoto aliyezaliwa kijijini pwani alikuwa na kumbukumbu za namna nyingine, kwa kuwa likizo ya mgeni ilikuwa msimu wa kazi kwa mama yake.

Katika vijiji vingi wanawake walipangisha vyumba wakati wa kiangazi. Mumewe yuko baharini au amekwisha kufa baharini, naye mama hana shamba. Ana nyumba tu. Basi mwezi wa Juni ulipofika, wenye nyumba walihamia chumba cha nyuma, au kibanda cha uani, na vyumba vizuri vyenye dirisha la kutazama bahari wakapewa wageni. Watoto walilala wanne kitanda kimoja, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Mgeni aliweza kuleta nyama na viazi vyake, na mama mwenye nyumba akampikia. Mwisho wa juma alipewa hesabu iliyoandikwa kila kitu, hata senti za kutumia chumvi na haradali mezani. Baada ya chakula cha asubuhi wageni walitakiwa kutoka na kutorudi mpaka wakati wa chakula. Na kwa kuwa mvua ya Wales haina habari ya kiangazi, wengi hukumbuka saa nyingi walizokaa chini ya kibanda cha barabarani, wamejifunika makoti, wanaitazama bahari waliyoilipia.

Mtoto wa kijiji alikwenda stesheni na kigari cha mbao kuchukua mizigo ya wageni, akapata peni zake. Aliwauzia kaa aliowakamata miambani. Na mara nyingi ni katika kazi hiyo aliposikia Kiingereza kisemwacho na wenyewe, maana nyumbani, dukani na kanisani lugha ilikuwa Kiwelisi.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Katika karne ya 19 shule nyingi zilikuwa na desturi ya kumfunga shingoni mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi kibao cha mti, naye akangoja mpaka amsikie mwenzake akisema ili ampe. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Wakenya wengi waliovishwa kipande cha namna hiyo shuleni kwa kusema lugha ya mama watalitambua jambo hili bila kuelezwa zaidi.

WANAWAKE WA KOME NA MWANI

Kazi nyingine ya wanawake ilifanywa katika maji yaliyopwa. Upande wa kusini, katika mkono wa bahari uitwao Bristol Channel, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha futi 40, nao ni miongoni mwa mipwa mikubwa kabisa duniani. Magharibi ya Swansea, katika kijiji cha Penclawdd, wanawake walifuata maji yanayotoka, wakaenda maili kadhaa juu ya mchanga na punda wao, wakaparua kome wadogo kwa reki fupi, wakawachekecha na kuwatia guniani. Ilikuwa lazima kuijua saa ya maji, kwa maana bahari ikigeuka hurudi upesi katika mifereji na kumzunguka mtu. Nyumbani kome walichemshwa, kisha wakapelekwa soko la Swansea. Yasemekana kwamba wanawake hao walitembea peku njia nzima, na walipokaribia mji wakaosha miguu katika kijito na kuvaa viatu, ili waingie sokoni kwa heshima.

Soko hilo huuza pia bara lawr, chakula cha mwani unaochemshwa kwa saa nyingi mpaka uwe rojo nyeusi yenye ukijani. Hukaangwa pamoja na unga wa shayiri na kuliwa asubuhi. Wageni wengi hukitazama chakula hicho kwa mashaka, lakini mtu wa Swansea aliyekaa ng'ambo miaka 30 akirudi hukitafuta kabla ya kuwatafuta ndugu zake.

KIJIJI CHA LLANGRANNOG

Miongoni mwa vijiji vya magharibi, Llangrannog chaweza kuwa mfano. Kiko mwisho wa bonde jembamba katika wilaya ya Ceredigion, na njia ya kushukia ni ya mteremko mkali, yenye kona nyingi. Chini pana ghuba ndogo ya mchanga, nyumba chache zilizopakwa rangi, kijito, na jabali kubwa jeusi liitwalo Carreg Bica. Watoto huambiwa kwamba jitu Bica liliumwa na jino, likalitema, nalo ndilo jabali lile.

Karibu na kijiji hicho alizaliwa Sarah Jane Rees mwaka 1839, binti wa nahodha. Wazazi walitaka awe mshonaji; yeye alitaka bahari. Alisafiri katika merikebu ya baba yake, akasoma elimu ya kuongoza vyombo, kisha akarudi nyumbani na kufungua shule. Katika shule yake walikaa watoto wadogo pamoja na mabaharia wenye ndevu waliotaka kupata cheti cha unahodha, na mwalimu wao alikuwa mwanamke kijana. Mwaka 1865, katika mashindano makubwa ya mashairi yaitwayo Eisteddfod yaliyofanyika Aberystwyth, alipata tuzo mbele ya washairi wanaume mashuhuri. Hakuna mwanamke aliyepata kufanya hivyo kabla yake. Aliandika kwa jina la Cranogwen, akahariri gazeti la wanawake, akafa mwaka 1916. Juni 2023 sanamu yake ilisimamishwa katikati ya kijiji, karibu na kaburi lake.

Juu ya kilima chenye kutazama ghuba iko kambi inayojulikana na takriban kila mtoto wa Wales. Mwaka 1922 Ifan ab Owen Edwards, alipoona kwamba watoto wanaiacha lugha yao, alianzisha chama cha vijana kiitwacho Urdd. Mwaka 1932 chama hicho kilifungua kambi ya mahema huko Llangrannog, na watoto wakaja kuogelea, kupanda farasi, kuimba na kucheza kwa Kiwelisi. Hekima ya jambo hilo yaonekana wazi. Shule zilikuwa zimeifanya lugha kuwa adhabu. Yeye aliifanya kuwa likizo. Mtoto aliyejifunza maneno ya Kiwelisi huku miguu yake imo majini hakuyasahau. Mahema yamekwisha kuondoka na majengo mazuri yamejengwa, lakini kambi ingali na kazi ile ile.

JUMAPILI, NA SIKU YA SAFARI

Watu waliokulia katika vijiji hivi hawaachi kutaja Jumapili. Siku hiyo hapakuwa na kuogelea, wala kuvua, wala kupiga mpira mchangani. Palikuwa na kanisa asubuhi, Shule ya Jumapili alasiri, na kanisa tena jioni. Tangu sheria ya mwaka 1881 vilabu vya pombe vilifungwa Jumapili katika Wales nzima, na wilaya ya mwisho kushika desturi hiyo, Dwyfor ya kaskazini magharibi, haikuiacha mpaka mwaka 1996. Mtoto alikaa kanisani na nguo ngumu, akisikia mawimbi nje ya dirisha, na mahubiri marefu ndani.

Lakini mtoto aliyehudhuria Shule ya Jumapili mwaka mzima alipata malipo yake, nayo ni safari ya kila mwaka. Makanisa ya bara yaliwapeleka watoto pwani kwa gari la moshi. Wengine waliiona bahari siku hiyo moja tu katika mwaka. Gari lilipokaribia, ilikuwa ni mashindano ya nani atakuwa wa kwanza kuyaona maji, na mshindi alipiga kelele hata wazee wakasimama.

BAHARI ICHUKUAYO

Wageni huiona bahari ikiwa shwari. Mwenyeji huiona mwaka mzima. Tarehe 26 Oktoba 1859 meli Royal Charter, iliyotoka Australia na wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakirudi kwao, ilitupwa miambani na dhoruba karibu na kijiji cha Moelfre, kisiwani Anglesey. Baharia mmoja wa Malta, Joseph Rogers, aliogelea na kamba mpaka nchi kavu, na wanakijiji wakashikana mikono ndani ya mawimbi kuwavuta watu. Hata hivyo, watu wapatao 450 walikufa, hali pwani ilikuwa hatua chache tu mbele yao.

Miaka mia moja baadaye, tarehe 27 Oktoba 1959, meli nyingine, Hindlea, ilikwama mahali karibu na pale pale. Mashua ya kuokoa maisha ya Moelfre ilitoka katika dhoruba kali ikiongozwa na Richard Evans. Aliipeleka ubavuni mwa meli mara nyingi, mpaka watu wote wanane wakawa wameruka na kupona. Alipewa nishani ya dhahabu ya chama cha waokoaji, na mwaka 1966 akapata ya pili kwa ajili ya meli ya Wagiriki. Kwa kawaida watu wa mashua hizi si askari wala si watumishi wa serikali. Ni wavuvi, wauza duka na mafundi wa kijiji, nao hujitolea. Chama chao kilianzishwa mwaka 1824 na huendeshwa kwa michango.

Kazi yao haina hakika ya kurudi. Tarehe 23 Aprili 1947 meli Samtampa ilivunjika karibu na Porthcawl, si mbali na fuko za wachimbaji. Mashua ya Mumbles ilitoka kwenda kuwaokoa. Asubuhi ilikutwa imepinduka, na watu wake wote wanane wamekufa, pamoja na 39 wa meli. Kiangazi kilichofuata watoto walicheza tena katika mchanga wa pwani hiyo hiyo, na kila aliyetia peni yake katika kisanduku chenye umbo la mashua alijua inakwenda wapi.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Baada ya mwaka 1960 mambo yaligeuka. Reli nyingi ndogo zilifungwa. Porthcawl ilipoteza gari lake la abiria mwaka 1963. Watu walipata motokaa, kisha ndege za bei nafuu zikawachukua Hispania, ambako jua ni la hakika. Migodi nayo ilifungwa mmoja mmoja, na Tower, mgodi wa mwisho mkubwa wa chini ya ardhi huko kusini, ukafungwa Januari 2008. Kwa kuwa hakuna wachimbaji, hakuna tena majuma mawili ya wachimbaji. Wazee waliolala katika mahema ya Porthcawl husema kwamba hawajapata tena kukaa mahali ambapo kila mtu aliwajua.

Mithali husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mia mithali hiyo ilikuwa kweli katika vijiji hivi, kwa kuwa mgeni alilipa, akaenda zake, na nyumba ikabaki ya mwenyewe. Lakini baadaye wageni wengi wenye fedha, waliozipenda fuko hizi tangu utotoni, walianza kununua nyumba zenyewe. Hukaa humo majuma machache, na muda uliobaki milango imefungwa. Bei zimepanda hata kijana aliyezaliwa kijijini hawezi kununua nyumba katika mtaa wa babu yake. Huko Abersoch, kijiji mashuhuri kwa wageni, watoto walipungua mpaka shule ya msingi ikawa na wanafunzi wasiozidi kumi, nayo ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2021. Tangu Aprili 2023 halmashauri za Wales zimeruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya kodi hadi asilimia 300.

Jambo hili si la fedha peke yake. Kijiji kikipoteza watoto wake hupoteza na lugha yake, na pia watu wa kuingia katika mashua ya kuokoa usiku wa dhoruba. Mwenye nyumba aliye mbali hawezi kuitikia kengele saa nane za usiku. Serikali ya Wales imeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2050 wasema Kiwelisi wawe milioni moja; lakini lugha huhitaji mahali pa kukaa, kama mtu.

FAIRBOURNE NA NCHI ILIYOZAMA

Watoto wa pwani ya magharibi husimuliwa hadithi ya nchi iitwayo Cantre'r Gwaelod. Ilikuwa nchi tambarare yenye rutuba, nayo ilikingwa na boma lenye milango ya maji. Usiku mmoja wa karamu, mlinzi Seithennin alilewa akaacha kufunga milango, bahari ikaingia na kuifunika nchi yote. Yasemekana kwamba maji yakitulia kengele zake husikika chini. Karibu na Borth, bahari inapopwa sana baada ya dhoruba, mashina ya msitu wa kale huonekana mchangani, nayo yana umri wa zaidi ya miaka 4,000. Kwa hiyo hadithi si ya bure. Bahari ilikwisha kuchukua nchi hapo.

Maili chache kaskazini, mkabala wa Barmouth, kiko kijiji cha Fairbourne, nacho kilijengwa mahali pa chini na tajiri mmoja wa unga tangu mwaka 1895 kwa ajili ya wageni wa likizo. Kina wakazi mamia kadhaa, reli ndogo iwapendezayo watoto, na boma la kuzuia bahari. Katika miaka ya 2010 ulitangazwa mpango uliosema kwamba, kwa kuwa bahari inapanda, boma hilo halitatunzwa milele, na kwamba katikati ya karne hii watu huenda wakahamishwa. Mara baada ya habari hizo kuenea, nyumba hazikuuzika, na benki zikasita kukopesha. Wakazi wengi wameupinga mpango huo, wakiuliza kwa nini kijiji chao kihukumiwe kabla ya vingine. Wazazi wa huko wanawalea watoto katika nyumba ambazo hawana hakika ya kuwarithisha.

Hata hivyo Agosti ikifika, watoto wa Fairbourne na watoto wa wageni huenda mchangani pamoja. Huchimba handaki, hujenga boma mbele ya ngome yao, na maji yanapojaa hukimbia huku na huku kuziba mahali palipobomoka. Wazazi huwaita kwa lugha mbili waje kula, nao hujibu kwamba bado kidogo.